Kimya cha Mita Ishirini

Ninastaafu katika umri ambao wenzangu wengi ndio wanaanza kupata kazi ya kudumu. Watu wa kwetu Soin wakisikia nimestaafu huniangalia nywele, wakitafuta mvi. Huzipata, maana wasiwasi nao huzeesha. Ukweli ni kwamba kazi yenyewe ilistaafu kabla yangu. Manukuu ya moja kwa moja, yale maneno yanayopita chini ya skrini mtu anapoongea, siku hizi yanaandikwa na mashine, nanyi mliobaki mnaketi kando yake mkisahihisha. Mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyoifanya kwa mikono. Ukurasa huu wa kwanza nimeufuta mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, kwa hivyo nitaanza tu, na palipo na kosa mtaniwia radhi.

Sikusomea kazi hii popote. Nilipomaliza shule ya upili nilipanda Kericho mjini kumsaidia shangazi yangu kuuza nguo za mitumba, na kando ya kibanda chetu palikuwa na saiba ya Mama Shiro, chumba cha kompyuta za kukodisha. Mama Shiro alikuja huku kutoka Murang'a akiwa bibi harusi, na kabla ya kompyuta kufika alikuwa amepiga taipu katika ofisi ya wakili hadi mikono ikajua njia yenyewe. Siku yangu ya kwanza kwake alinikalisha mbele ya kibodi, akanifunika mikono kwa taulo.

"Unatafuta nini huko chini?" aliniuliza aliponiona nachungulia.

"Herufi, Mama Shiro."

"Herufi hazijahama. Zilikuwa hapo kabla uzaliwe. Angalia juu."

Nililia siku hiyo, na ya pili yake. Mimi ni mtu wa kulia nikikosea, hata pasipo mtu wa kuniona. Lakini taulo lilipotoka, vidole vilikuwa vimejua nyumbani kwao.

Kazi ya kwanza niliipata mtandaoni, rekodi ya mzungu mmoja akifundisha ufugaji wa kuku kwa Kiswahili chake. Nilirudia sentensi moja asubuhi nzima kwa sababu sikuwa na hakika kama alisema "walale" au "watage". Mama Shiro alipita nyuma yangu na ndoo ya kupigia deki, akapita tena akirudi. "Mercy," akasema, "huyo mzungu ashawala hao kuku. Andika haisikiki, uendelee na maisha." Ndivyo nilivyojifunza kanuni ya kwanza: usichokisikia, usikibuni. Kanuni ya pili niliisoma kwenye mwongozo wa kampuni iliyokuja kutuajiri baadaye: andika kilichosemwa, usiongeze, usipunguze, usibembeleze. Niliibandika ukutani nikaipenda kuliko picha yoyote, kwa kuwa iliniondolea mzigo wa kuamua.

Vifaa vyetu mngevicheka. Kanyagio la kusimamisha na kurudisha sauti lilitengenezwa na fundi wa pale stendi kutokana na cherehani iliyokufa. Vifunika masikio vya kusikilizia vilipochakaa nilivishonea sponji ya godoro. Adui mkubwa hakuwa lafudhi za watu. Alikuwa mabati. Mnaijua mvua ya Kericho, inavyokuja baada ya chakula cha mchana kama mtu aliyeandikwa kazi. Nilipigilia mablanketi kwenye dari mpaka chumba kikawa kama tumbo la kondoo, na bado mvua ya mawe ilipoanza niliweka kichwa chini ya meza nikaandika kutokea huko.

Safari za angani zilitufikia kwa mlango wa nyuma. Kulikuwa na kampuni ya ng'ambo iliyokuwa ikipeleka watu kwenye kituo kinachozunguka dunia, si watumishi wa serikali peke yao bali yeyote aliyelipiwa kiti, na ilihitaji manukuu ya Kiingereza kwa matangazo yake. Tulikuwa wengi wa kuandika, kila mmoja katika nchi yake. Nilijifundisha lugha ya wale watu kwa kusikiliza rekodi za zamani wakati wa kupika na wa kufua. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba hawapandishi sauti. Hata tangi likivuja, wanaongea kama watu wanaoagiza chai. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba ule utulivu ni kazi wanayoifanya, kama mimi nilivyofundishwa kutoangalia herufi.

Kisha akaja Chelangat. Alikuwa binti kutoka Kapkatet, mtafiti wa magonjwa ya mizizi ya mimea, na chuo alichofanyia kazi huko nje kilikuwa kimemlipia kiti akajaribu miche yake mahali ambapo mzizi haujui chini ni wapi. Kampuni ikaona vyema safari yake iwe na manukuu ya Kiswahili. Wakatafuta mtu anayesikia lugha ya wanaanga na kuandika Kiswahili papo hapo, wakanipata mimi, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilikubali kwa barua ya adabu, kisha nikaenda kumwomba Mama Shiro lile taulo.

Sikuwa na habari, wakati huo, kwamba kati ya wote watakaotazama palikuwa na mtu mmoja ambaye maneno yangu ndiyo yote atakayopata. Mama yake Chelangat alikuwa kiziwi. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha chai, upande wa mashine za kukata majani, na masikio yakamwishia kidogokidogo bila yeye kujua, hadi siku moja alipomwambia mwanawe redio imeharibika. Akasoma midomo ya watu wa nyumbani, na wageni wakamwandikia kwenye simu. Lakini midomo ya watu waliovaa kofia za angani haisomeki.

Siku ya kurushwa roketi niliandikia saiba, Mama Shiro ameketi kando yangu na chupa ya maji. Kila kitu kilienda vizuri mpaka chombo kilipofika juu. Hapo kuna muda ambao wanaanga na watu wa chini hawasemi chochote, kila mmoja anasoma mitambo yake. Aliye na masikio anasikia redio ikinong'ona, anajua watu wapo. Kanuni yetu ilisema andika kilichosemwa. Hakuna kilichosemwa. Nikaacha skrini tupu, nikanywa maji, nikajipongeza.

Jioni simu ililia. Ilikuwa ni Kipkirui, kakake Chelangat, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayeishi na mama yao.

"Ni wewe Mercy wa yale maandishi?"

"Ni mimi."

"Mama amekataa kula. Amevaa gumbuti akaenda shambani kuchuma majani, na leo si siku ya kuchuma."

"Lakini wamefika salama. Hata Chelangat ameongea baadaye, niliandika."

"Hakuona. Alitoka wakati maneno yalikatika. Mimi nimemwandikia kwa simu ati mtoto yuko sawa, akaniambia hata baba yako alipokufa mlianza hivyohivyo."

Sikuelewa, akanieleza kama mtu anayeeleza jambo ambalo nilipaswa kulijua, nami kweli nilipaswa kulijua, mimi niliyezaliwa Soin. Kwetu mleta habari hupewa kiti na maziwa, naye huisema habari yake moja kwa moja hadi mwisho. Akinyamaza katikati, wanaume huvua kofia. Wanajua amefika kwenye jina la marehemu. Mama Chelangat alisoma habari ya bintiye ikiwa inapanda, inapanda, halafu ikanyamaza katikati. Akaenda shambani kwa sababu hakutaka kuwa ameketi jina litakapotajwa.

Kesho yake alasiri chombo kilikuwa kifike kwenye kituo. Kericho mjini tulikuwa tumetangaziwa stima itakatwa siku hiyo ili nguzo zibadilishwe, nami nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu njia zote ambazo jenereta ya Mama Shiro ingeniaibisha. Kipkirui akasema niende nikaandikie kwao, nyumba yao iko kwenye laini ya hospitali, haikatwi ovyo. Nadhani alitaka pia mtu wa kulaumiwa awe karibu. Mama Shiro alinifungia kanyagio kwenye mfuko wa unga.

"Ukifika," akaniambia, "usianze kuomba msamaha mlangoni. Wewe ukianza humalizi, na watu wana kazi."

Nilianza kuomba msamaha mlangoni. Mama Chelangat alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Alitazama midomo yangu kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya juu, ile ya mtu asiyejisikia: "Huyu anaongea haraka kama kuku. Mpatieni chai."

Nilikunywa. Kisha nikamwandikia kwenye simu: Mama, jana hawakunyamaza kwa sababu ya ubaya. Walikuwa wanafanya kazi. Akasoma, akanirudishia.

"Wewe ulijuaje?"

Nikamwandikia: nilisikia.

"Ulisikia nini, kama hawakuongea?"

Nilikaa na hilo swali mpaka wakati wa kufunga mitambo. Nilikuwa nimesikia mengi. Nilisikia redio ikipumua, kiti kikilia, mtu akigeuza karatasi. Yote hayo nilikuwa nimeyatupa kama maganda.

Alasiri sebule ilijaa majirani, na mchungaji akaomba kwa ufupi, jambo lililotupa wote matumaini. Nilikaa kwenye kona, televisheni mbele ya Mama Chelangat, naye akavuta kiti chake kikawa karibu sana na skrini. Mvua ikaanza. Chombo kilikuwa kidogo, cheupe, kikisogea kuelekea kituo polepole hata jirani mmoja akauliza kama picha imekwama.

"Haijakwama," Kipkirui akasema. "Hata wewe ukirudisha ng'ombe mwenye mimba zizini hukimbii."

Mita ishirini kutoka mlangoni chombo kilisimama. Hilo lilikuwa kwenye mpango. Husimama hapo, chombo na kituo vikaangaliana, kisha hupewa ruhusa. Ruhusa haikuja. Sauti kutoka kwa watu wa chini ikasema, kwa ule utulivu wao, kwamba vipimo viwili vya umbali havikubaliani, subirini. Nikaandika hivyo. Kisha wakanyamaza.

Vidole vyangu vikabaki hewani. Mbele yangu mgongo wa Mama Chelangat ulikuwa umenyooka. Niliona mkono wake mmoja ukishika ukingo wa kiti, kama wa mtu anayejiandaa kusimama. Kanuni yangu ilikuwa wazi kabisa. Nami nikaandika: "Kimya. Redio iko wazi."

Mkono haukuondoka kwenye kiti, lakini hakusimama.

"Mtu anapumua karibu na kipaza sauti," nikaandika. "Karatasi inageuzwa. Mtu anasafisha koo, hasemi. Kalamu inagonga meza."

"Kalamu ya nani?" akauliza bila kugeuka.

Nikaandika: "Ya mkubwa wa zamu, chini."

"Anagonga haraka ama polepole?"

"Polepole."

"Basi hajaogopa," akawaambia watu wote waliokuwa nyuma yake, na nyumba nzima ikashusha pumzi kwa sababu ya kalamu ya mtu aliye ng'ambo.

Skrini yangu ndogo ya pembeni ikawaka. Alikuwa ni msimamizi wetu. "Mercy, kalamu haijasema kitu," aliandika. Maishani mwangu sikuwa nimewahi kumjibu msimamizi bila kusoma jibu mara tatu. Nikamjibu, "Imesema," nikarudi kazini.

Halafu kalamu ikaacha.

Nataka mjue hapo ndipo kazi hii iliponijaribu. Ningeweza kuiacha igonge. Hakuna aliyekuwa na habari isipokuwa mimi. Ningemwandikia kalamu inagonga polepole mpaka mwisho wa dunia, naye angekaa kwenye kiti chake kwa amani. Lakini kama binti yake angepotea mita ishirini kutoka mlangoni, angekuwa amepotea huku mama yake akisoma kalamu ambayo haipo, na maneno yangu yote, ya jana na ya leo, yangekuwa uongo. Nikaandika: "Kalamu imeacha."

Alisoma. Hakugeuka, hakuuliza kitu. Kipkirui alikuja akasimama nyuma ya kiti cha mama yake.

"Viti vinasogezwa," nikaandika. "Watu wawili wananong'ona, haisikiki. Mmoja anasema: izime, uiwashe tena. Kimya. Mtu anavuta pumzi na kuishikilia." Sikuwa na uhakika kama ile pumzi ilikuwa yao au yangu, lakini nikaiacha. "Rubani anasema: sasa vinakubaliana. Mkubwa wa zamu anasema: naviona. Kalamu imewekwa mezani. Mkubwa wa zamu anasema: endeleeni."

Chombo kikasogea. Sikumbuki niliandika nini kwa zile mita za mwisho. Najua niliandika, kwa sababu baadaye nilisoma. Walipogusana niliandika, "Mshindo mdogo, kama mlango wa kabati ukifungwa na mtu asiyetaka kuamsha watoto," maneno ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote, na ambayo siku nyingine yangenigharimu usingizi.

Mtu akigusa kituo hajaingia bado. Kuna ndoano za kufungwa, kuna hewa ya kupimwa isivuje, na hilo huchukua muda wa kutosha watu kunywa chai mara mbili. Tulikunywa. Maneno yakarudi kwa watu. Jirani aliyedhani picha imekwama akataka kujua, kwa kuwa sisi humpa mtoto jina kwa saa aliyozaliwa, mtoto akizaliwa kule juu ambako jua linachomoza na kutua kila mara ataitwa nani.

"Ataitwa Kipkoech wa alfajiri," Kipkirui akajibu, "na kabla hajamaliza kunyonya ni Kiplangat wa jioni. Chifu atakataa kumwandikisha."

"Kitambulisho chake kitakuwa na kurasa," mchungaji akasema.

Mama Chelangat aliwaona wakicheka akanigeukia, nami nikamwandikia kwenye simu mzaha wote, pamoja na ule wa mchungaji. Akacheka peke yake, baada ya wengine kumaliza, na hakuona haya.

Mlango ulipofunguliwa waliingia mmoja baada ya mwingine, wakielea kichwa mbele, wenyeji wa kituo wakiwakumbatia. Chelangat alikuwa wa tatu. Uso ulikuwa umevimba kidogo kama wote wanavyovimba wakifika, nywele zimesimama. Akapewa kipaza sauti, akashukuru kwa Kiingereza watu aliopaswa kuwashukuru, nami nikawaandika wote. Kisha akatazama kamera akasema kwa Kipsigis, "Mama, nimefika. Nimekula." Nikaandika kwa Kipsigis, bila kutafsiri. Wa kuandikiwa alikuwa ni mmoja.

Watu waliimba, mtu akamkumbatia Kipkirui, mtu akakanyaga waya wangu. Mama Chelangat hakuinuka. Alikuwa anasoma yale maneno matatu, kisha akageuza kiti chake chote akanikabili.

"Hayo nimesoma," akasema. "Sauti yake ikoje?"

Sikuelewa.

"Mimi niliiwacha akiwa msichana wa shule. Sasa ni mtu mzima. Ikoje?"

Kule juu Chelangat alikuwa bado anaongea, akiwaeleza wenzake kuhusu miche yake, na nilikuwa nyuma kwa sentensi kadhaa, jambo ambalo kwa kawaida nisingeliruhusu. Niliziacha zipite. Nilifumba macho nikamsikiliza, si maneno, yeye. Kisha nikaandika, na wote waliokuwa wakitazama kwa Kiswahili siku hiyo wakasoma, popote walipokuwa:

"Sauti yake ni nzito kidogo, imetulia, ina mchanga chini kama ya mtu aliyetoka kulia akamaliza. Anaongea polepole. Mwisho wa kila sentensi anaipandisha, kama watu wa Kapkatet. Akitaja mizizi anaharakisha. Anacheka ndani ya maneno, hangoji yaishe."

Mama Chelangat alikuwa amegeukia skrini tena, ameegemea mbele, paji la uso karibu liguse skrini, kidole kikifuata mstari. Nami nikaona nimekosea: "nzito" ilikuwa imeandikika "nizto", mbele ya ulimwengu mzima. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta.

"Wacha hivyo," akasema, kana kwamba aliona. "Bado nasoma."